Ukuta Unaouliza Kama Umekula

Jumamosi ya kwanza ya kazi, watu walileta vyombo vyao vilivyovunjika wakiwa wamevifunga kwenye taulo na kuvikumbatia, kama watoto waliotoka kuogeshwa. Walipanga mstari mbele ya ukuta wa stoo ya manispaa, ule unaotazamana na kituo cha basi. Kila aliyefika mezani alifungua taulo lake akasema chombo ni cha nani na kimetoka wapi. Mwalimu wa kuchora, ambaye ndiye aliyeandika barua zote mpaka ukuta ukapatikana, alinukuu maelezo kwenye daftari. Fundi vigae alipokea vipande, akapima unene wake kwa dole gumba, akavitenga kwenye ndoo: vya bluu huku, vya maua huku, vyeupe vilivyoingia rangi ya chai kule pembeni.

Masharti yalikuwa mepesi. Chombo kiwe kimetoka kwenu, kiwe kimesafiri na wewe, na kiwe kimevunjika chenyewe. Kitongoji kile kilikuwa na maghorofa kumi na moja ya watu waliotoka kwingine, na lifti tisa ambazo hazikupanda wala kushuka, kwa hiyo kila kitu kilibebwa kwenye ngazi na hakuna nyumba iliyokosa kikombe kilichopasuka. Malighafi haikuwa tatizo.

Picha yenyewe ilikuwa ya meza. Meza moja ndefu, mita ishirini na mbili, watu wameketi upande mmoja wakitazama barabara, kila mmoja na begi lake miguuni, kama walioambiwa wasubiri kidogo.

Yule fundi walimwita Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chake cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, ambacho hakikumtoka mfukoni. Akialikwa chakula, kwanza anapima meza. Mama Pacha, jirani yake wa ghorofa ya tatu aliyefua mashuka ya hoteli, alikuwa akisema kwamba siku Pimamaji akioa, bibi harusi itabidi asimame wima mpaka kiputo kitulie ndipo apewe pete.

"Na wewe fundi?" Mama Pacha aliuliza siku hiyo, sahani ya mama yake ikiwa imeshaingia ndoo. "Sisi wote tumetoa. Chako kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Nyumbani. Nakileta kesho."

"Usije ukatubandikia kigae cha choo cha mtu. Nakujua."

Hakuwa nacho. Alikuja miaka tisa iliyopita na begi moja, ndani yake mwiko, pima maji na shati la pili. Asubuhi aliyoondoka kwao, mama yake, ambaye yeye na dada yake walimwita Bi Mkubwa, alikuwa jikoni anamchemshia chai. Pimamaji aliogopa kwamba akiaga, Bi Mkubwa atalia, na akilia yeye hataondoka. Kwa hiyo akasema anakwenda dukani kununua sukari. Akatoka, akapita duka, akapita kona, akapanda gari lililokuwa linamsubiri.

Tangu hapo Bi Mkubwa hakuwahi kuzungumza naye kwenye simu. Dada yake ndiye aliyepokea, na Bi Mkubwa alitoa maoni kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya kutosha kuvuka mipaka.

"Muulize, hiyo foleni ya sukari bado haijasogea?"

"Anasikia, mama," dada mtu angesema.

"Kama anasikia, mwambie chai inapoa."

Kurudi kumwona kulikuwa na ugumu wake. Faili la Pimamaji lilikuwa kwenye ofisi ya vibali kwa mwaka wa sita, na mwenye faili linaloshughulikiwa hatoki. Akitoka, linafungwa, naye harudi tena. Na dawa za presha za Bi Mkubwa zilitoka kwenye vigae hivyohivyo alivyobandika huku. Kila mwezi alikwenda dirisha namba nne, na karani wa dirisha namba nne, mwanamume mpole mwenye sweta la kijivu, alimwambia neno lilelile: linashughulikiwa.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi Pimamaji alikwenda duka la vyombo vya mitumba, akachagua kikombe cheupe chenye ukingo wa bluu. Alikifunga kwenye taulo bafuni na kukigonga kwa mpini wa nyundo, mara moja tu, kistaarabu. Saa nne alikuwa ukutani.

"Cha Bi Mkubwa wangu," alimwambia mwalimu. "Kilinivunjikia mwaka wa kwanza."

Mwalimu aliandika. Mama Pacha alikishika kipande, akasema loo, Bi Mkubwa ana macho ya kuchagua, na watu wakakubaliana kwamba kwa kuwa ni cha fundi kikae katikati ya meza, usawa wa kifua, mahali ambapo kila anayeshuka basi atakiona. Pimamaji alikataa mara mbili. Mara ya tatu alipaka gundi, akakibandika.

Kazi ilichukua wiki tano. Haikuwahi kuonekana kazi iliyonyooka namna ile. Mwalimu alitaka waache nafasi ukingoni, kama mkono mmoja, kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Pimamaji alisema ukuta wenye pengo ni ukuta uliokatiwa tamaa. Akapima, akakata, akajaza mpaka sentimita ya mwisho.

Siku ya tatu baada ya ukuta kukauka, saa kumi na mbili jioni, vipande vilianza kuongea.

Vilisema kwa sauti ya chini, vyote pamoja, kama nyumba yenye wageni wengi inavyosikika kutoka nje. Ukisogeza sikio ulikipata chako. Ndani ya siku mbili ilishajulikana kwamba kila kipande kinatumia sauti ya mtu aliyekiosha mara nyingi kuliko wote. Jambo hili lilimuudhi Kinyozi, aliyeleta bakuli la babu yake akitegemea busara za babu, akamkuta shangazi yake akilalamika juu ya mgongo. Ikabidi akubali kwamba babu hakuwahi kuosha bakuli maishani mwake. Mama Pacha alimpata mama yake bila shida.

"Hiyo siyo kufua," sahani ilimwambia. "Hiyo ni kuloanisha."

"Ndiyo, mama," alisema Mama Pacha, akafuta macho kwa kiganja, akaenda kuleta kigoda.

Watu walizoea kuja na vigoda. Walikaa saa nzima, wakaambiwa wafunge mlango kuku wasiingie, wapunguze chumvi, wasicheze na moto, kisha sauti zikaisha na wakaenda kupika. Manispaa iliongeza taa moja.

Kipande cha katikati nacho kiliongea. Kilikuwa na sauti ya bibi mzee, nyembamba, yenye lafudhi safi ya wenyeji wa mji ule.

"Umekula wewe?" kilisema. "Funga hilo dirisha, baridi inaingia. Kifutio, mwanangu, mbona siku hizi huji?"

Mama Pacha alimtazama Pimamaji.

"Bi Mkubwa wako anaongea kama mwenyeji."

"Amesoma," alisema Pimamaji.

"Na wewe ndiye Kifutio?"

"Ni jina la nyumbani."

"Miaka yote hii unatuficha jina zuri namna hiyo!" Na kuanzia kesho yake wanawake wa ghorofa ya tatu wakamwita Kifutio, naye akawa anaitika.

Jioni ile alimpigia dada yake, akamweleza habari za ukuta. Dada mtu hakuona ajabu. Alitaka kujua tu kama vipande vinasema na siku za mvua. Kisha Bi Mkubwa akauliza kutoka chumba cha pili.

"Yeye amewapa kikombe gani?"

Pimamaji alihamishia simu sikio la pili.

"Mdogo wangu, anauliza umewapa kikombe gani. Maana chako kiko hapa mezani."

"Kipo bado?"

"Kipo. Kila asubuhi anakiwekea chai. Kila jioni anaimwaga, anakiosha, anakirudisha palepale. Hajaruhusu mtu mwingine akiguse."

Pimamaji alipiga hesabu ya miaka tisa ya kuoshwa mara moja kwa siku. Kikombe kile kingeongea kwa sauti ya Bi Mkubwa bila mpinzani. Kingemsema kila jioni mbele ya kituo cha basi, watu wakisikia, na yeye angeketi kwenye kigoda akasemwa mpaka saa moja.

Jumapili mchana, ukuta ukiwa kimya, alikwenda na patasi nyembamba. Alitaka kukitoa kile kipande, asafishe nafasi, kisha aagize chake. Aligonga ukingo wa juu. Sahani ya mama yake Mama Pacha, iliyokuwa imepakana nacho, ilisema, ingawa saa yake ilikuwa haijafika, "Taratibu." Aligonga ukingo wa chini. Shangazi wa Kinyozi akasema, "Mgongo, jamani." Gundi ilikuwa ileile, imeshika vyote kwa pamoja, na vipande vilibanana kiasi kwamba huwezi kupitisha wembe. Kutoa kimoja ni kuvunja vinne. Alitazama kila ukingo wa ukuta akitafuta nafasi ya kuongeza, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba hakuna. Akarudisha patasi mfukoni.

Wiki iliyofuata ulikuja uzinduzi. Mkuu wa manispaa alisema kitongoji kimetajirika kwa watu wake, akakata utepe. Ofisi ya vibali nayo ilituma mjumbe asome barua ya pongezi. Mjumbe alikuwa karani wa dirisha namba nne, na sweta lake la kijivu. Alisoma barua vizuri, yenye aya tatu na neno "mchango" mara saba, akawa anaikunja wakati saa kumi na mbili ilipogonga.

"Umekula wewe?" kilisema kipande cha katikati. "Kifutio, mbona huji?"

Karani alimaliza kukunja barua. Aliusogelea ukuta, akasimama hapo mpaka wageni wakaondoka na viti vikakusanywa. Kisha akaja kwenye benchi la kituo cha basi, mahali Pimamaji alipokuwa ameketi.

"Kile kikombe ni cha nani?"

"Cha mama yangu," alisema Pimamaji, kwa mazoea.

"Kifutio ni mimi."

Pimamaji hakubisha. "Basi ni cha mama yako. Nilikinunua mitumba."

"Niliwapelekea boksi zima," alisema karani. "Alipofariki. Sikulifungua hata." Alikaa. "Shuleni nilikuwa nikiandika, nafuta, naandika, nafuta, mpaka daftari linatoboka. Ndiyo akaniita hivyo. Alikuwa anakaa vituo vitatu kutoka hapa."

"Vitatu tu?"

"Vitatu. Nilikuwa nakwenda sikukuu." Alifikiri. "Si zote."

Basi lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaondoka.

"Naweza kukichukua?"

"Hakitoki," alisema Pimamaji, akamweleza habari za gundi. Karani aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu aliyezoea kueleza watu kwamba kitu hakiwezekani, na alijua maelezo mazuri akiyasikia.

"Na mimi nina swali," alisema Pimamaji. "Faili langu."

"Namba?"

Pimamaji aliitaja kutoka kichwani, tarakimu kumi na moja.

"Linashughulikiwa," alisema karani, kwa sauti ileile ya dirishani, ingawa pale hapakuwa na kioo.

Tangu siku hiyo karani alikuja kila jioni. Walikaa pamoja kwenye benchi, mwenye mama asiyekuwa na kikombe na mwenye kikombe asiyekuwa na mama yake. Karani hakumjibu mama yake hata mara moja.

"Anakuuliza umekula," Pimamaji alimwambia. "Swali jepesi hilo."

"Nimjibu nini? Nikishasema nimekula, ataniuliza nilikuwa wapi."

"Basi mimi nitasema." Akainua sauti kidogo. "Amekula, mama!"

Haikujulikana kama vipande vinasikia. Lakini kipande kilisema, "Haya," kikaendelea na mambo ya dirisha.

Siku dada yake alipopiga simu asubuhi, Pimamaji alijua kabla hajapokea, maana dada yake hupiga jioni. Bi Mkubwa alikuwa amelazwa. Presha, na sasa figo. Nyuma ya dada yake hapakuwa na sauti ya chumba cha pili.

Saa mbili alikuwa dirisha namba nne.

"Bi Mkubwa anaumwa," alisema kwenye tundu la kioo. "Nipeni ruhusa ya wiki mbili. Nikamwone, nirudi."

"Pole sana," alisema karani, na alimaanisha. "Ambatanisha barua ya daktari, iliyotafsiriwa, yenye mhuri. Kisha ombi linaingizwa kwenye faili."

"Halafu?"

"Halafu linashughulikiwa."

"Wewe unanijua. Kila jioni namjibia mama yako."

Karani alitazama mikono yake. "Mimi napokea tu, ndugu yangu. Kusaini ni ghorofa ya juu. Hata mimi sijawahi kufika." Akainama karibu na tundu. "Nilichoweza, nimekifanya. Lilikuwa shelfu ya chini. Nimelipandisha shelfu ya juu."

Pimamaji alimshukuru, maana alilelewa vizuri. Nyuma yake foleni ilisogea.

"Jioni tutaonana?" karani aliuliza.

"Tutaonana."

Alituma barua ya daktari, ikatafsiriwa, ikapigwa mhuri. Kila asubuhi aliamka akiwa amekata shauri la kwenda na liwe litakalokuwa, na kila jioni alikumbuka kwamba hospitali kule inalipwa na ukuta wa bafu wa mtu huku. Siku ya kumi na moja dada yake alipiga tena asubuhi.

"Mdogo wangu," alisema. "Amekwenda vizuri. Jana usiku aliomba kile kikombe chako. Nikamletea. Akasema, mwambie aache tu hiyo sukari. Akasema, nakunywa hivyohivyo."

"Akanywa?"

"Akanywa yote."

Siku ile Pimamaji alibandika vigae vya jiko la watu kwa saa tisa, na kwa mara ya kwanza mstari wake ulipinda. Mwenye nyumba hakuona. Yeye aliona, akauacha.

Kifurushi kilifika baada ya mwezi. Dada yake alikuwa amekifunga kikombe kwenye kitambaa cha kichwa cha Bi Mkubwa, akakizungushia magazeti, na watu wa posta kote njiani walikuwa waangalifu kupita kiasi. Kilifika kizima. Kilikuwa cha bati la rangi ya kijani, chembe ya rangi imebanduka kwenye mkono wake, na ndani kabisa palikuwa na duara la kahawia ambalo hakuna sabuni ingelitoa. Kikombe cha bati hakivunjiki. Pimamaji alikuwa amelisahau hilo.

Alikipeleka kwa Mama Pacha kwanza, akamweleza yote: duka la mitumba, bafu, mpini wa nyundo. Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho akiwa anakunja mashuka.

"Nilijua," alisema. "Kipande kile hakikuwa hata na alama ya chai. Mama gani hana alama ya chai? Lakini nikasema, acha, huenda anahitaji wa kumuuliza kama amekula."

"Na sasa nifanye nini na hiki?"

"Sasa! Ukinywee. Kikombe ni cha nini kingine?"

Mwalimu wa kuchora alisema ataomba ukuta wa pili, mahali ambapo hata cha bati kinaweza kuningʼinizwa. Aliandika barua siku hiyohiyo. Manispaa ilijibu haraka kuliko kawaida. Ilimpongeza kwa ukuta wa kwanza, ikaeleza kwamba ombi la pili linashughulikiwa.

Jioni Pimamaji alikwenda kituoni na chupa ya chai na kikombe cha kijani. Karani alikuwa ameshafika. Alisogea kumpa nafasi, akakitazama kikombe, akavua kofia, akaishika magotini. Hakuuliza habari za Bi Mkubwa. Barua ya kuomba ruhusa ya wiki mbili, alisema, imepanda ghorofa ya juu leo mchana. Aliiona kwa macho yake ikipanda.

"Ahsante," alisema Pimamaji.

Alitoa pima maji mfukoni, akailaza kwenye benchi katikati yao. Kiputo kilikimbilia upande wa karani, kikakaa huko. Akairudisha mfukoni, akamimina chai. Kule ukutani Mama Pacha alikuwa akisemwa habari za mashuka, na Kinyozi habari za mgongo. Watu ishirini, thelathini, walikuwa wameketi kwenye vigoda mbele ya meza ndefu ya watu wanaosubiri.

"Umekula wewe?" kilisema kipande cha katikati.

Karani alifungua mdomo. Pimamaji alimsubiri. Basi lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaondoka, na karani akaufunga mdomo wake.

"Tumekula, mama," alisema Pimamaji.

"Haya. Fungeni hilo dirisha."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Upande wa pili wa barabara palikuwa na duka, taa zake zinawaka, na sukari ilionekana kutoka pale kwenye benchi, paketi kwa paketi, hatua thelathini tu na hakuna foleni. Aliitazama. Kisha akainywa chai hivyohivyo.